Habari za Mkono

Leokadia alijaliwa sauti ya simu. Watu wengi wa kwao Bukoba wakishika simu hupaza sauti kana kwamba wanamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Yeye aliongea taratibu, kwa uchangamfu, na aliyepigiwa alibaki akitabasamu peke yake hata baada ya kukata. Kwa hiyo, vuli ile ya mwaka 1975, Daktari Ekdahl alipotaka mtu wa kuwafuatilia wasemaji wa Kiswahili waliojitolea kujaribiwa chanjo mpya ya mafua makali, hakuhangaika kutafuta. Nesi wa Kitanzania aliyekuja Stockholm kujifunza utafiti wa chanjo alikuwa ameketi meza ya pili kutoka kwake, amekwisha kunywa kahawa yake na anaimba chinichini.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Nusu ya waliojitolea walidungwa chanjo, nusu walidungwa maji ya chumvi. Sindano zilifanana, chupa zilifanana, hata uso wa mdungaji ulifanana, maana naye hakujua anadunga nini. Aliyejua nani kapata nini alikuwa mmoja tu, mtakwimu mzee aliyeifungia siri hiyo ndani ya bahasha kwenye sefu yake, mtu mkavu ambaye hata mkewe hakuthubutu kumchokonoa. Leokadia hakujua. Daktari Ekdahl hakujua.

"Tunamfunga macho anayepima," Daktari alipenda kuwaambia wanafunzi wake, "kwa sababu anayelitamani jambo ataliona hata kama halipo."

Baada ya sindano Leokadia alitakiwa kupiga simu na kuuliza. Mkono unauma? Umevimba? Una homa? Huo ndio ulikuwa upande wa usalama. Halafu majira ya baridi yangepita, na wao wangehesabu nani aliugua mafua na nani hakuugua, upande huu na upande ule. Hapo ndipo ingejulikana kama chanjo inakinga au ni kupoteza sindano bure.

Lakini kilichomfanya aimbe ni jambo jingine. Mwaka uliofuata kituo chao cha utafiti kingempeleka mwanafunzi mmoja Bukoba kusimamia kazi kama hiyo, ya chanjo ya surua kwa watoto wadogo. Leokadia alimzika mdogo wake kwa surua, amefungwa blanketi la bluu, na tangu hapo hakupenda kuliona blanketi la rangi hiyo. Aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, hata kuliko lile koti jekundu la dirisha la duka pale Slussen, katikati ya mji, ambalo kila siku aliliamkia kwa macho.

Watu wake walipatikana kirahisi. Treni ya chini ya ardhi ndiyo kwanza ilikuwa imefika Alby, pembezoni mwa jiji, na Alby ndiko alikoishi Paskalia, mwenzake wa Bukoba, mama wa mtoto mchanga aitwaye Getrude, mwanamke ambaye nyumba yake haikuwahi kukosa mgeni. Paskalia alimwambia Njoroge, Mkenya wa Nyeri, fundi wa umeme aliyekaa Tumba. Njoroge akamwambia Mzee Wambura, mtu wa Musoma aliyepanga makreti kwenye ghala moja kule Jordbro na kupiga ngoma kwenye kila sherehe. Mzee Wambura akawaambia wote waliobaki. Ijumaa moja jioni wakajaa kliniki, wakakunja mikono ya mashati, wakawacheka waliofumba macho.

Kesho yake asubuhi Leokadia akaanza kupiga simu.

"Mama Getrude, habari za asubuhi?"

"Nzuri sana, mdogo wangu!"

"Mkono je?"

"Haujambo kabisa."

"Homa?"

"Aa, wapi! Tunamshukuru Mungu."

Njoroge alisema yuko sawa tu, hana maneno. Mzee Wambura akasema yeye ni wa chuma, tena alichanjwa ndui zamani zile kwa kisu, sembuse kisindano hiki cha Wazungu. Wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa salama, wazima, hawajambo. Leokadia akajaza fomu zake akiwa na furaha. Chanjo gani hii iliyokuwa njema hivi!

Jumatatu Daktari Ekdahl alizipitia fomu zile mara mbili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya mbao vilivyosikika kabla yake, na hakuwa na desturi ya kupiga chenga.

"Leokadia, fomu hizi umezijazia wapi?"

"Kwenye simu, Daktari."

"Theluthi ya Waswidi wananilalamikia mkono. Kwa watu wako hakuna hata mmoja. Nimewahi kudunga watu maji matupu na bado wakalalamika. Hivi Novemba nzima, Stockholm, hakuna mtu wako hata mmoja aliyeumwa kichwa? Mimi mwenyewe kinaniuma sasa hivi, na sijadungwa kitu."

 Leokadia alimwona Daktari akizipanga fomu taratibu, na akaelewa anafikiriwa nini. Anafikiriwa aliketi nyumbani na kikombe cha chai, akaweka alama kwenye "hapana" mpaka karatasi zikaisha.

"Kuna sindano ya pili mwezi ujao," Daktari akasema. "Ukiniletea tena karatasi safi kama hizi, sitaweza kukupeleka Bukoba. Sitaweza kumpeleka mtu nisiyeweza kuamini anachoandika. Umenielewa? Uko sawa?"

"Bra, tack," Leokadia akajibu Kiswidi, yaani nzuri, asante. Kisha akaenda chooni, akafungua maji ya bomba yapige kelele, akalia.

Sindano ya pili ikachomwa, Ijumaa tena, na Jumamosi asubuhi Leokadia akapiga simu. Safari hii aliuliza kila swali mara mbili. Wakamjibu mara mbili kwamba hawajambo. Njoroge hata alimuuliza kama yeye mwenyewe yuko mzima, maana sauti yake ilikuwa chini. Akasema ni mzima. Akakata simu, akazitazama fomu nyeupe kama theluji ya dirishani, na Bukoba ikawa mbali kuliko ilivyowahi kuwa.

Jumapili Getrude alibatizwa. Leokadia hakuwa na hamu ya sherehe, lakini usipokwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa Paskalia utaulizwa mpaka siku ya harusi yake. Akapanda treni hadi Alby, akapanda ngazi zilizonukia pilau toka chini, akavua viatu mlangoni kwenye rundo la mabuti, na kama ilivyo ada akapitiliza jikoni kusaidia.

Paskalia alikuwa anasonga ugali wa semolina kwenye sufuria kubwa, jasho linamtoka, kitenge kimemkaa vizuri. Alikuwa anasonga kwa mkono wa kushoto, na ugali ulikuwa unamshinda.

"Mama Getrude, tangu lini ukawa wa mashoto?"

"Tangu hiyo sindano yako, mdogo wangu. Huu wa kulia haunyanyuki. Jana nimeshindwa hata kuanika nepi."

Leokadia aliliweka bakuli la kachumbari mezani. "Jana uliniambia haujambo."

"Sasa wewe umenipigia simu asubuhi, umenisalimia vizuri, nikujibuje? Niseme mbaya? Mama yangu angefufuka aje kunichapa. Mtu hujibu nzuri kwanza. Halafu ndiyo unasema, ila mkono huu. Wewe hata sijafika kwenye 'ila' umeshauliza jingine, umeshasema asante, umeshakata!"

Leokadia akatoka jikoni, akaenda sebuleni. Mzee Wambura alikuwa kwenye kiti cha heshima, suti imenyooshwa, na ngoma yake imelala chini miguuni pake. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Watu walisema Mzee Wambura angepiga ngoma hata kwenye mazishi yake.

"Mzee, shikamoo. Mbona ngoma iko chini?"

"Marahaba, binti. Ni bega hili. Linapiga kelele kuliko ngoma yenyewe."

"Si ulisema wewe ni wa chuma?"

Mzee Wambura akatazama pembeni. Njoroge, aliyekuwa amebanana na watu kwenye sofa, akacheka na kumwokoa.

"Wacha nikwambie ukweli, Sista. Sisi tulipatana. Tulisema, huyu ni mtoto wetu, ndiye ako na hiyo kazi kwa Wazungu. Tukisema tunaumwa, watasema ni yeye ametuharibu, wamfukuze. Mimi homa ilinishika mpaka bibi yangu akanifunika blanketi tatu. Lakini ulipopiga simu, nikajikaza."

"Mlijikaza," Leokadia akarudia.

"Wote," akasema Mzee Wambura, na sasa alijivuna kidogo. "Tulitaka chanjo yako itoke bila doa."

Leokadia akaketi sakafuni palepale, gauni lake zuri na yote, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Watu hawa nusura wamnyang'anye Bukoba, na walifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Wangemkosesha kazi huku wanamwombea. Akawatazama mmoja mmoja, akawapenda kuliko siku zote, na akatamani kuwagonganisha vichwa.

"Mmeniponza," akasema. "Daktari anasema nimewatunga. Anasema hakuna watu kama nyinyi."

 

"Basi tuulize tena!" akasema Paskalia mlangoni, mwiko mkononi.

Leokadia alifikiri. Akiwauliza wote hapo kwa pamoja, mmoja akisema bega, mwenzake atagundua kwamba hata yeye analo bega. Akaomba chumba. Wakampa chumba cha kulala, kitandani penye mlima wa makoti ya wageni, na hapo katikati ya makoti akaketi na kalamu, akawaita mmoja mmoja, mlango umefungwa, na kila aliyetoka aliapa kutosema alichoulizwa. Huko sebuleni walikula wakipishana.

Wa kwanza alikuwa Njoroge.

"Habari za tangu sindano?"

"Mzuri."

Safari hii Leokadia hakushukuru. Hakuuliza swali jingine. Alikaa kimya, akimtazama kwa upole, kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Njoroge akajikuna shingo.

"Ila?" Leokadia akasema.

Njoroge akamweleza kila kitu. Baadaye wakaja wengine, na kila mmoja alikuwa na "ila" yake, tena nyingine zilikuwa ndefu kuliko misa ya asubuhi ile. Mikono iliyovimba. Homa za usiku. Lakini pia magoti, na meno, na mgongo, na usingizi, na jirani aliyebandika karatasi ya maneno makali kwenye chumba cha kufulia nguo. Mzee Wambura alianza na bega, akapita kiunoni, akashuka hadi kidole gumba cha mguu, na alipotoka alisema hajajisikia mwepesi hivi tangu aondoke Musoma. Leokadia aliandika yote, la sindano na lisilo la sindano, kwa kuwa si kazi yake kuchagua. Alipomaliza pilau ilikuwa imepoa, na hakuwahi kula pilau tamu kama ile.

Jumatatu viatu vya mbao vilisimama mbele ya meza yake.

"Mara ya kwanza walikuwa malaika," akasema Daktari Ekdahl. "Sasa wote wako mahututi. Leokadia, nikwambie ukweli, hii imenitia shaka zaidi."

Leokadia akamweleza salamu, na "ila," na makubaliano ya kumlinda. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na hakucheka.

"Umewachokonoa," akasema. "Ukimuuliza mtu yeyote ana tatizo gani, atalipata."

"Ndiyo. Nimewachokonoa wote sawasawa." Sauti ya Leokadia ilikuwa bado ile sauti nzuri ya simu. "Daktari, ulinifunga macho wewe mwenyewe. Sijui nani alidungwa chanjo na nani maji ya chumvi. Kama nimetunga, nimetunga gizani, na uongo wangu utakuwa umegawanyika pande zote mbili bila kubagua. Kama mikono hii iliuma kweli, itakuwa imejazana upande mmoja. Bahasha ikifunguliwa utaona."

Daktari alizikusanya fomu. "Bahasha haifunguliwi kabla ya Aprili," akasema. "Basi tutaona Aprili."

Majira yale ya baridi Leokadia aliyavuka akifanya kazi na kungoja. Februari mafua yakaja Stockholm, na yalipofika Alby yalikuta watu wasiojua kumwacha mgonjwa peke yake. Mmoja akilala, kumi wanakwenda kumjulia hali na supu, wanakaa kitandani pake, wanamshika paji la uso, wanarudi na mafua yake. Wauguzi wengine walishika vichwa. Leokadia aliandika tu nani kaugua na nani hakuugua ingawa alikoholewa usoni, na kila simu aliisubiri ifike kwenye "ila." Ofisini, kila Daktari alipomuuliza kama yuko sawa, alijibu vilevile. Bra, tack.

Aprili barafu ilipasuka kwenye maji na Waswidi wakaketi kwenye ngazi za nyumba zao wakiliangalia jua huku wamefumba macho. Mtakwimu mzee akaja na bahasha yake, akafungua mbele ya wote, akaanza kusoma bila hata kukohoa.

Wale wa maji ya chumvi waliugua mafua mara nyingi zaidi kuliko wale wa chanjo. Wakashangilia. Kisha akafika kwenye maumivu. Kwa Waswidi, mikono iliyouma ilijazana upande wa chanjo. Kwa wasemaji wa Kiswahili, simu za sindano ya kwanza hazikusema kitu chochote. Mtakwimu akarekebisha miwani.

"Mahojiano ya sindano ya pili," akasoma. "Magoti, meno, mgongo, usingizi na jirani wa chumba cha kufulia, pande zote mbili sawa. Mikono na homa, upande wa chanjo. Uwiano unakaribiana sana na wa Waswidi." Akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Kazi safi. Nani aliuliza?"

Leokadia alikuwa anatafuta jina moja kwenye orodha, na alipolipata aliangua kicheko chumba kizima kikageuka. Mzee Wambura, mwenye bega lililopiga kelele kuliko ngoma, alikuwa amedungwa maji ya chumvi mara zote mbili. Jioni ile angekataa katakata, angesema vitabu vya Wazungu vimekosea, mpaka Njoroge amkumbushe kwamba bega hilo hubeba makreti ya Jordbro kutwa. Lakini kwa kweli alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko wote. Bila bega lake na mengine kama hilo, nani angejua ni maumivu mangapi ambayo watu wanayo tu, hata pasipo sindano?

Watu walipotawanyika Daktari Ekdahl akamwita ofisini kwake, akafunga mlango. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Tungekwenda Bukoba na fomu zangu," akasema. "Tungewauliza akina mama, mtoto hajambo? Wangejibu hajambo, na mtoto anaungua kwa homa mgongoni mwao. Na mimi ningerudi hapa niandike kwamba chanjo haina madhara yoyote, na ningeapa ni kweli."



Daktari akashusha pumzi, akasema kwa Kiswahili kibovu alichokuwa amejifunza kwa mtu, Leokadia hakujua kwa nani, "Habari, Leokadia?"

"Nzuri, Daktari."

Daktari hakushukuru. Hakuuliza jingine. Alikaa kimya, mikono mezani, akimtazama. Nje mabasi yalipita. Kimya kilikuwa kirefu hata Leokadia akaanza kujikuna shingo kama Njoroge.

"Ila?" akasema Daktari.

Na Leokadia, aliyewangoja watu wote waseme, akaona sasa ni zamu yake.

"Ila ulinidhania mwongo," akasema. "Majira yote ya baridi. Na iliniuma."

Daktari Ekdahl aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu, na hakuyaficha. Akauliza kwa Kiswidi, taratibu, maswali yaleyale ya fomu, maana hayo ndiyo aliyoyajua.

"Iliuma wapi?"

"Hapa." Leokadia akagusa kifua.

"Inauma bado?"

Leokadia alijipima kwa uaminifu, kama alivyowafundisha watu wake kule Alby katikati ya makoti.

"Imepungua," akasema. "Imepungua sana tangu asubuhi."

"Nisamehe," akasema Daktari. "Nilikosea, na nilikosea vibaya. Utakwenda Bukoba lini?"

Leokadia akacheka, akafuta machozi kwa kiganja, akasema hata kesho. Ila kwanza, akasema, kuna koti moja jekundu pale Slussen.